Ahadi ni deni, lakini deni la nani?

Aliisimamisha pasi pembeni, akalikunja shati lililokuwa mbele yake mpaka mkunjo wa mwisho, ndipo akaniuliza.

“Kaka, yale aliyoniahidi mzee, alikwambia?”

Ilikuwa wiki ya tatu tangu nikabidhiwe funguo. Nilikuwa na faili nene la biashara ya udobi niliyoinunua kwa mzee: mkataba wa mauzo, orodha ya mashine pamoja na namba zake, barua ya mwenye jengo ya kumkubali mpangaji mpya, taarifa za benki za miaka 3. Nilikuwa nimelisoma mara nyingi kiasi cha kujua ni ukurasa gani una doa la wino.

Hakuna ukurasa uliokuwa na jina la dada huyu.

“Hakuniambia kitu, dada. Alikuahidi nini?”

“Kwamba siku akiuza, hatanisahau.”

Hakulalamika. Alivuta shati jingine, akalinyunyizia maji, akaendelea na kazi. Amesimama kwenye meza ile miaka 11.

Swali lake limenikaa rohoni wiki nyingi sasa. Nimelipeleka kwa mwanasheria, nimelipeleka kwa mhasibu, na kila mmoja amenipa jibu lililo sahihi. Hakuna jibu hata moja lililonipunguzia uzito.

## Nilichodhani nanunua

Anayenunua biashara kwa mara ya kwanza hupewa onyo lile lile na kila mtu: usije ukauziwa mbuzi kwenye gunia. Nililishika onyo hilo kwa mikono miwili. Nilidai madaftari ya mauzo, nikalinganisha kila mwezi na taarifa ya benki. Nilitaka kujua kila mashine ilinunuliwa lini na fundi wake ni nani. Nilimuuliza mzee kwa nini anauza. Akainuka, akapanda ngazi 3 za mlangoni bila mimi kumwomba, ili niyaone magoti yake yanavyofanya kazi.

Kulikuwa na uamuzi mmoja mkubwa: ninunue kampuni yenyewe, au ninunue mali zake tu? Ukinunua kampuni unairithi jinsi ilivyo. Kodi ambayo haikulipwa miaka 2 iliyopita inakuwa yako, kesi iliyofunguliwa mwaka jana inakuwa yako, na ile itakayofunguliwa kesho kwa kosa la jana nayo ni yako. Ukinunua mali, yaani mashine, samani, jina na orodha ya wateja, kampuni inabaki mikononi mwa muuzaji pamoja na madeni yake. Mwanasheria alinishauri njia ya pili. Nikaifuata, na usiku huo nikalala usingizi mzito.

Niliamini madeni yote yamebaki nje ya mlango.

Halafu ikaja hesabu ya faida. Mzee alinionyesha faida ya mwaka, nikaifurahia kwa siku 2, mpaka mhasibu aliponiuliza mshahara wa mzee umeandikwa mstari gani. Haukuwepo. Wala wa mkewe, aliyekuwa akipokea nguo na kuandika risiti kila asubuhi. Ile iliyoitwa faida ilikuwa, kwa sehemu kubwa, jasho la watu wawili ambao siku ya kuuza wangeondoka. Nilipotoa gharama ya kuajiri wa kuziba nafasi zao, ikabaki nusu na kidogo tu.

Jambo hili linahitaji uangalifu sana. Biashara ndogo mara nyingi hupewa bei kwa kuchukua mapato ya mwenye nayo kwa mwaka na kuyazidisha mara 2 au 3. Kwa hiyo lazima ujue ni mapato yapi yanayozidishwa: yenye ujira wa mwenyewe ndani yake, au yaliyobaki baada ya ujira huo kutolewa. Kosa dogo kwenye namba ya kwanza linafika kwenye bei likiwa limekua mara 2 au 3.

Nilipomweleza mzee hakukasirika. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Mke wangu hajawahi kudai.”

Sentensi hiyo nilipaswa kuisikiliza vizuri zaidi.

## Mita ya maji

Daftari la mauzo linaweza kuandikwa kwa usiku mmoja. Bili ya maji huandikwa na mtu asiyekujua wala kukuonea huruma. Kwa hiyo nilimwomba mzee ajaze mashine kubwa mbele yangu, mashuka ya kilo 10 yaliyopimwa kwenye mizani, mzunguko mmoja kamili, na bomba jingine lolote lisifunguliwe.

Nikachuchumaa kando ya mita. Nikaandika namba kabla. Gurudumu dogo jekundu likaanza kuzunguka, likatulia, likazunguka tena wakati wa kusuuza, likatulia. Nikaandika namba baada. Lita 180.

Yaani lita 18 kwa kila kilo. Nikachukua bili ya mwezi mmoja wa kawaida, lita 54,000, nikagawanya. Maji yale yangeweza kufua kilo 3,000. Lakini mauzo yaliyoandikwa mwezi ule, kwa bei zilizobandikwa ukutani, yalihitaji kilo 4,300. Nikarudia kwa mwezi mwingine, na mwingine. Kila mara karibu theluthi moja ya mauzo haikuwa na maji.

Mikono ilinitetemeka. Niliamini nimemkamata.

Nilimwonyesha mzee karatasi yangu. Aliisoma polepole, akaikubali hesabu yote, kisha akageukia meza ya pasi. “Hebu mwelekeze,” akamwambia dada.

Dada alinionyesha reli iliyojaa nguo upande wa kulia. “Hizi zote hazijaguswa na maji ya hapa.” Ni wateja wanaofua nyumbani na kuleta kupigwa pasi tu. Mashati ya ofisini, sare za kazi, suti. Wengine wanapita dobi nyingine njiani kabla ya kufika kwake. Nilipouliza kwa nini, hakujisifu, alichukua shati moja akanionyesha. Alianza na kola, upande wa chini kwanza, kutoka nchani kuelekea katikati, kwa sababu ukianzia katikati unasukuma kitambaa mpaka nchani na hapo kinajikunja, na mkunjo wa ncha ya kola ndio mtu anaouona kwenye kioo kila anapojitazama. Halafu mabega. Halafu vikofi vya mikono, ndani kabla ya nje. Mwili wa shati ukaja mwisho kabisa. Alipomaliza akalishika mabegani na kuliinua, na halikuwa na mstari hata mmoja usiotakiwa.

Wiki nzima nilihesabu tiketi za pasi. Namba zikalingana. Mzee hakuwa mwongo.

Nikafunga daftari langu nikiwa nimeridhika.

## Pale nilipoacha kufikiri

Hapa ndipo ninaporudi kila usiku.

Nilikuwa nimegundua kwamba theluthi moja ya mapato ya biashara niliyotaka kuinunua haipiti kwenye mashine yoyote. Inapita kwenye meza ya mbao na mkono wa mtu mmoja. Niliufanyia nini ugunduzi huo? Niliutumia kuthibitisha kwamba daftari ni la kweli, nikaenda zangu.

Mashine niliziletea fundi, akazifungua kwa saa 4. Nililipa kwa ajili hiyo na sijutii. Mkono ule sikuuliza lolote juu yake. Sikuuliza kama ana mkataba wa kazi (hakuwa nao). Sikuuliza mshahara wake ulipanda lini mara ya mwisho, au kama angependa kubaki. Jina lake nililijua siku ya makabidhiano.

Kuna sababu, na sitaki ionekane kama udhuru. Wauzaji huomba siri, na wana haki. Habari ikivuja kabla ya kutia saini, wafanyakazi huanza kutafuta kwingine, wateja huingiwa na wasiwasi, wauzaji wa sabuni hudai kulipwa papo hapo. Mzee aliniomba nisiseme, nikakubali. Kwa hiyo siku ile dada ananifundisha kola na vikofi, aliamini mimi ni jamaa wa mzee niliyekuja kumsaidia hesabu.

Maelezo yake ndiyo yaliyoiokoa bei ya mzee. Kama si yeye, ningekata theluthi au ningeondoka.

Hakujua alikuwa anasaidia kuuza mahali anapofanyia kazi.

## Nemsi

Bei tuliyokubaliana ilizidi thamani ya kila kitu kinachoshikika mle ndani. Ile ziada, inayolipiwa jina, sifa na mazoea ya wateja, wahasibu huiita nemsi. Mwaka 1810 huko Uingereza, katika kesi ya Cruttwell na Lye, jaji Lord Eldon alieleza kwamba kitu hicho si kingine ila ni uwezekano wa wateja wa zamani kurudi mahali pale pale pa zamani.

Uwezekano. Mteja hauzwi. Mtu anakuuzia matumaini kwamba kesho mlango utafunguliwa na mkono ule ule ulioufungua jana.

Na je, kama wateja hawarudi kwa sababu ya mahali? Mwaka 1983 Warren Buffett alinunua sehemu kubwa ya Nebraska Furniture Mart, duka la samani mjini Omaha, Marekani, kutoka kwa familia ya Rose Blumkin, mwanamke aliyelianzisha mwaka 1937. Hawakuandikiana kifungu cha kumzuia kushindana. Alikuwa na miaka 89, nani angewaza? Mwaka 1989, akiwa na miaka 95, alikosana na wajukuu zake waliokuwa wakiliendesha, akaondoka, akafungua duka lake ng'ambo ya barabara. Mwaka 1992 Buffett alilinunua na hilo, na safari hiyo mama yule akatia saini.

Mimi kifungu nilikuwa nacho. Mzee hatafungua dobi karibu nami kwa miaka 5. Lakini mzee na magoti yake si mtu wa kuhofiwa. Mwenye uwezo wa kutandika meza ng'ambo ya barabara na kuondoka na theluthi ya mapato yangu alikuwa dada, ambaye hakuna karatasi iliyomgusa. Rafiki mmoja alinishauri nimfunge haraka kwa mkataba wa kutoshindana. Nilikataa na bado nakataa. Mzee alilipwa ili asishindane nami. Kumwekea kamba hiyo mtu ambaye hakupata chochote kwenye mauzo, eti ili aendelee kupata mshahara ule ule, naona ni dhuluma hata pale sheria inapoiruhusu.

## Tiketi

Waswahili wamesema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi daftari nilikuwa nalo. Wamesema pia ahadi ni deni. Hapo nilikwama, kwa sababu methali haisemi deni hilo linahamaje siku biashara inapobadilisha mikono.

Jibu la mwanasheria lilikuwa fupi: umenunua mali, hukununua ahadi zake. Mahali pengine sheria imefikiria mbali zaidi. Nchi za Jumuiya ya Ulaya zilipitisha agizo mwaka 1977, likaandikwa upya mwaka 2001, kwamba biashara inapohamia kwa mmiliki mpya, mikataba ya kazi ya wafanyakazi inahama nayo pamoja na haki zake. Nadhani ni sahihi. Ila hata sheria nzuri kiasi hicho inahitaji kitu cha kushika, kama mshahara, likizo, au miaka ya utumishi. “Hatanisahau” haina namba.

Kilichonifumbua macho kilikuwa kitu kidogo. Siku ya makabidhiano kulikuwa na nguo 61 kwenye reli, na kati ya hizo 24 zilikuwa zimeshalipiwa kwa mzee kabla hazijafuliwa. Pesa alipokea yeye, kazi nikafanya mimi. Sikubishana hata kidogo. Nilizifua zote, nikazipeleka kwenye pasi, nikazikabidhi kwa tabasamu, na hesabu yake tulikuwa tumeshaikata kwenye bei.

Kwa nini deni lile lilikuwa jepesi? Kwa sababu kila nguo ilikuwa na tiketi iliyobanwa kwa pini.

Dada hakuwa na tiketi. Alikuwa ameweka miaka 11 mle ndani, na mtu aliyeipokea hakumwandikia risiti.

Tangu siku hiyo nina swali ambalo ningelitaka liwe kwenye kila mkataba wa kununua biashara, juu kabisa, kabla ya orodha ya mashine: umemwahidi nani nini? Muuzaji ataje ahadi zote kwa wafanyakazi, kwa wateja, kwa wanaomletea bidhaa, zilizoandikwa na zilizosemwa kwa mdomo tu, na atie saini kwamba hakuna nyingine. Mwanasheria anaweza kuiandika kwa mistari 4. Mzee angetaja, nina hakika. Hakuna aliyemuuliza.

Lakini kujua swali sahihi baada ya kutia saini hakulipi deni. Na nilikuwa na hofu zangu. Marejesho ya mkopo yalikuwa yameanza. Nilikuwa nimeweka akiba ya kuendeshea biashara kwa miezi 3, na mmoja ulikuwa umeshapita. Kuna wafanyakazi wengine 2. Nikilipa ahadi moja, nitajuaje kama hazipo nyingine? Zaidi ya yote nilijichunguza nia. Je, nataka kumlipa kwa sababu ni haki yake, au kwa sababu naogopa ataondoka? Nilijaribu kuzitenganisha sababu hizo mbili kwa siku kadhaa. Sikuweza. Mwishowe niliona kwamba nikisubiri nia yangu itakate, yeye ataendelea kusimama pale bila kitu.

## Simu

Wiki ya sita nilimpigia mzee.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Mashine zinaendaje?”

Nikamwambia zinaenda vizuri. Kisha nikamweleza alichoniuliza dada, kwa maneno yake yale yale. Simu ikawa kimya mpaka nikadhani imekatika.

“Nilisema,” akasema. “Nilisema kweli.”

Alikuwa na nia ya kumpa kitu kutoka kwenye malipo ya kwanza. Malipo yale yakaenda kwenye matibabu na madeni yake mwenyewe. Kisha siku zikapita, na kadiri zilivyopita ndivyo aibu ya kurudi ilivyokua. Halafu akasema neno ambalo sikulitegemea:

“Na mimi nilidhani ukishachukua biashara, na yeye umemchukua.”

Nilikaa kitako. Mimi niliamini ahadi za mzee zimebaki kwa mzee. Mzee aliamini zimekuja kwangu pamoja na funguo. Kila mmoja wetu alikuwa na dhamiri safi kwa sababu alimwona mwenzake amebeba.

“Amekasirika?” akauliza.

“Hapana mzee. Ameuliza tu.”

“Afadhali angekasirika.”

Katika mkataba wetu nilikuwa nimezuia sehemu moja ya kumi ya bei hadi mwezi wa sita, kwa ajili ya mambo yatakayojitokeza baadaye, kodi iliyosahaulika au mashine itakayozimika. Nilimwambia mzee kwamba hili nalo limejitokeza. Nikapendekeza dada apewe kiinua mgongo cha nusu mshahara kwa kila mwaka wa utumishi, miezi mitano na nusu kwa jumla, theluthi mbili zitoke kwenye fedha ile iliyozuiwa na theluthi moja nitoe mimi. Aliomba siku 2 za kufikiri.

Siku ya pili alinipigia mkewe. “Kata kwenye fedha yetu, wala usimwonee haya,” akasema. “Mimi nilikuwepo aliposema.”

## Karatasi

Upande wangu niliandika mkataba wa kazi. Tarehe ya kuanza niliyoiweka ni ile aliyoanza na mzee, ili miaka 11 ihesabike. Mwanasheria alinitahadharisha kwamba ninajibebesha kwa hiari kitu ambacho sikulazimika kukibeba. Nilimwambia najua.

Dada aliusoma mara 2, akiwa amesimama, mkono mmoja juu ya meza. Aliomba mabadiliko mawili. Likizo yake isikatwe vipande vipande. Na atakapoletwa mtu wa pili wa pasi, amfundishe yeye, asifundishwe na mtu mwingine. Niliandika yote mawili hapo hapo kwa kalamu, tukatia saini pembeni.

Hakuniambia asante, na sikuona kwamba anadaiwa kuisema. Aliniambia kwamba wiki zile zote alikuwa na mpango wa kuondoka mwisho wa mwezi, ameshaona na mahali. “Nilikuwa nakuangalia tu,” akasema.

Fedha iliyozuiwa inaiva mwezi ujao. Mzee amesema hataki ipitie benki, atakuja mwenyewe na mkewe, na sehemu ya dada atamkabidhi kwa mkono wake. Nilipomweleza dada, aliomba siku hiyo iwe ya mapumziko yake. Nikampa bila kuuliza.

Kesho yake alifika kabla ya wengine wote. Nilimkuta ameshawasha pasi.

“Ile siku nitakuwepo,” akasema.

Mbele yake kulikuwa na shati la bluu ambalo lilikuwa limening'inia mwisho wa reli tangu siku ya makabidhiano, halina tiketi. Sikuwahi kujua ni la nani. Lilikuwa la mzee, alilisahau alipoondoka. Alikuwa analipiga pasi upya, ameanza na kola.